Nyuso za Udongo Katika Ghala la Viazi

Kwa miaka mingi sebule yetu ilikuwa na ugonjwa ambao nyumba nyingi za hapa Dundori zinao, ila hausemwi. Ni ugonjwa wa kukohoa. Filamu inaanza vizuri: watoto wamekaa sakafuni, mke wangu ameshika ushonaji wake, mkamwana wangu yuko karibu na mlango wa jikoni, na mwanangu amenyoosha miguu. Halafu mvulana na msichana wa kwenye televisheni wanaanza kusogeleana. Hapo ndipo kikohozi kinapotuingia sote. Mkamwana anakumbuka kwamba ameacha sufuria motoni. Mwanangu anatafuta rimoti chini ya vitambaa vya kochi. Mimi nasimama na kusema, "Wacha nikaangalie ng'ombe," nao ng'ombe wameshalala zamani. Nikirudi namkuta mke wangu peke yake, anashona, wala hainui macho.

"Wameshaachana," ananiambia. "Unaweza kuketi."

Sikuona kosa la mtu. Kwetu sisi, mwanamke na baba mkwe wake hawawezi kutazama mambo hayo wakiwa chumba kimoja, na mimi ni mzee wa kanisa, niliyewafundisha wengi wa majirani zangu katekisimu kabla hawajabatizwa. Heshima ina bei yake, tuliilipa. Lakini ilinihuzunisha kuona jinsi tulivyotawanyika. Kila mtu aliingia chumbani na simu yake. Ungesikia kicheko kutoka chumba hiki, kicheko kingine kutoka kile, na hakuna aliyejua mwenzake anacheka nini. Niliomba kuhusu jambo hilo. Huenda wengine wataona ni jambo dogo la kumpelekea Mungu, lakini sijawahi kuambiwa ana kipimo cha udogo.

Dawa ililetwa na mjukuu wangu, binti wa kwanza wa mwanangu huyo, ambaye wakati huo alikuwa akisoma chuo mjini Nakuru. Alikuja likizo na flashi mfukoni.

"Guka," aliniambia, maana ndivyo wajukuu wa huku wanavyotuita sisi mababu, "leo huendi kwa ng'ombe. Nakuahidi."

Akaichomeka kwenye televisheni. Ikatokea filamu ya watu wa udongo. Bwana mmoja mnene alitaka kukaa kwenye kiti cha kukunja, nacho kiti hakikutaka kukaliwa. Hakuna aliyesema neno hata moja. Bwana aliguna tu, na kiti kikalia. Kiti kilimkunja bwana yule mara mbili kama shati, kikamlaza kama chapati, naye akajibandua sakafuni, akajipapasa pua ili irudi mahali pake, akaanza tena. Wajukuu wadogo walibingirika. Mke wangu aliweka sindano chini. Ndipo niliposikia kicheko nisichokifahamu, kikubwa, cha kutoka tumboni, nikageuka kutazama ni nani. Alikuwa mkamwana wangu. Alikuja kwetu kutoka Keringet akiwa bibi harusi, ananiita baba, amenizalia wajukuu wanne, na miaka yote hiyo mbele yangu alikuwa akicheka kwa kufunika mdomo na kiganja. Jioni ile alisahau kiganja. Nilimshukuru Mungu palepale, nikiwa nimeketi.

Tangu hapo nimetazama nyingi za aina hiyo, na nimefikiri sana kwa nini zinatufaa. Nadhani ni kwa sababu hakuna mzuri ndani yake. Wote wana pua kubwa na masikio yaliyobandikwa, kwa hiyo hakuna anayejilinganisha na mwingine. Mtu akianguka hafi. Akibondwa, anafinyangwa upya, na mbaya wake naye anabondwa, anarekebishwa, anaonywa. Mtoto mdogo anacheka kwa sababu ya kuanguka. Mimi nacheka kwa sababu najua vile mtu anavyojisikia anapoinuka na kujifanya hakuanguka. Tunacheka pamoja, kila mmoja kwa umri wake, na hakuna anayeondoka chumbani. Tena ukitazama vizuri utaona kwenye shavu la yule bwana alama ya kidole. Mtu mwenye mwili na damu ameketi mahali fulani akamsogeza mkono kidogo, akampiga picha, akamsogeza tena kidogo, akampiga picha, siku nzima, ili mimi nicheke kwa muda wa kumeza mate. Mimi ni mkulima. Kazi ya subira naitambua nikiiona.

Basi mjukuu wangu alipomaliza chuo, alirudi nyumbani akasema hiyo ndiyo kazi anayoitaka. Mjini Nakuru kulikuwa na kampuni ndogo inayotengeneza vipindi vya watoto, nayo ilimwambia alete filamu yake fupi; wakiipenda, watamwajiri. Aliomba ghala letu la viazi liwe chumba chake cha kazi, kwa kuwa lilikuwa tupu na lenye giza, naye alihitaji mwanga wa taa zake mwenyewe usiobadilika. Baba yake, ambaye ana duka la pembejeo kule Bahati, hakufurahi.

"Nilikulipia chuo uje kucheza na matope?"

"Si matope, baba. Ni udongo wa rangi, hata haukauki."

"Ahaa. Matope yasiyokauka."

Walikubaliana hivi, mimi nikiwa shahidi: ghala ni lake mpaka viazi vichimbwe. Kampuni ikimkataa, anakwenda Bahati kusimama nyuma ya kaunta kuuza mbolea, na hatasema tena habari ya filamu. Mjukuu wangu alikubali bila kulia. Hiyo ilinionyesha jinsi alivyokuwa ameitaka kazi hiyo.

Filamu yake ilimhusu bibi mmoja aliyevaa nguo za Jumapili, anayechelewa ibada kwa sababu punda wake wa kubeba maji amelala katikati ya njia na hataki kuamka. Aliipeleka Nakuru, ikarudishwa. Hawakumkataa kabisa. Walimwambia kisa ni kizuri na punda ni mzuri sana, lakini uso wa bibi unachemka. Walimpa nafasi moja zaidi.

"Unachemka vipi?" nilimuuliza.

Akanionyesha kwenye kompyuta. Ilikuwa kweli. Kila alipougusa ule uso ili kuinua nyusi au kukunja mdomo, vidole vyake viliacha alama mpya, na picha zilipofuatana haraka, alama zile ziliruka na kutetemeka, uso ukawa kama uji ulio motoni. Kwa yule bwana wa kiti ilikuwa alama moja hapa na pale, ikapendeza. Huyu bibi alionekana kama ana homa. Alijaribu kuvaa glavu, udongo ukanata. Alijaribu kijiko, kikaacha mistari. Na nje, majani ya viazi yalikuwa yameanza kugeuka manjano.

Siku moja nilimpelekea chai ghalani. Nilimkuta ameinamia meza, amechoka. Nikamchukua yule bibi wa udongo kumtazama, nikampapasa shavu kwa kidole gumba, kama unavyompapasa mtoto. Mjukuu wangu akaninyang'anya.

"Guka! Umefanya nini?"

"Nisamehe. Nimeharibu?"

Alimsogeza bibi karibu na taa, akamgeuza huku na huku. Shavu lilikuwa laini kama ganda la yai. Akanishika mkono, akaugeuza, akatazama vidole vyangu kimoja kimoja.

"Guka, alama zako ziko wapi?"

Nikacheka, kwa sababu swali hilo nilikuwa nimewahi kuulizwa. Nilipokwenda kusajiliwa kwa ile mashine inayosoma vidole, kijana wa pale alinifuta kwa kitambaa, akanipaka mafuta, akanirudisha bombani ninawe. Mwishowe alisema, "Mzee, vidole unavyo lakini alama huna. Umezipeleka wapi?" Nilimwambia ziko Dundori, azitafute kwenye viazi. Watu waliokuwa kwenye foleni walicheka, nami nikacheka nao, ingawa nilirudi nyumbani nikiwa mnyonge. Jembe na udongo vimenisugua tangu utotoni. Sikuwahi kufikiri kwamba pana mtu atakayefurahia jambo hilo.

Kuanzia siku hiyo nilikuwa na ajira. Asubuhi nikimaliza kukamua na kusoma Neno, naingia ghalani. Yeye anainua nyusi za bibi, mimi nalainisha. Anapiga picha. Anakunja mdomo, nalainisha, anapiga picha. Nilikatazwa kupiga chafya. Nilikatazwa kuegemea meza, kwa sababu ikisogea kidogo tu kazi ya asubuhi nzima inapotea. Tulizungumza kwa sauti ndogo kama watu walio karibu na mgonjwa. Nilimweleza habari za bibi yangu mzaa baba, aliyekuwa na hasira na mcheshi kwa wakati mmoja, na siku iliyofuata niliona bibi wa udongo ameweka mkono kiunoni vilevile.

Habari zilifika kanisani kabla yangu. Baada ya ibada mzee mwenzangu alinishika bega mbele ya watu.

"Mzee, tunasikia siku hizi unafinyanga watu. Hiyo kazi si ina mwenyewe?"

"Inaye," nikamjibu. "Yeye alimaliza siku ya sita akapumzika. Mimi bado niko kwenye shavu."

Walicheka. Lakini nilipokuwa nikienda nyumbani nilifikiri juu ya neno hilo kwa uzito. Nimehubiri kuhusu mfinyanzi mara nyingi, nikisimama mbele ya watu nikiwaambia wakubali kufinyangwa. Sikuwa nimejua mfinyanzi anavyomwinamia kiumbe wake, anavyoshikilia pumzi. Mjukuu wangu hakusomea dini kama mimi, lakini kwenye meza ile alinipa mahubiri ya mwaka mzima.

Tulimaliza siku chache kabla ya wachimbaji kuja shambani.

Kampuni ile ilikuwa na desturi yake. Uamuzi wa mwisho hawakuutoa kwa kuitazama filamu wenyewe; waliwaita wazazi na watoto kwenye ukumbi mmoja mjini, wakaionyesha ukutani, nao wakakaa pembeni wakitazama watu. Mzazi akitoa simu, wanajua. Mtoto akiomba kwenda msalani, wanajua. Tulikwenda wote siku ya Jumamosi. Mwanangu alikaa upande wangu wa kushoto, mikono ameikunja kifuani, kama mtu anayengoja kuambiwa bei.

Bibi akatokea. Uso wake ulikuwa mtulivu kama wa mama yeyote wa kanisani kwetu. Alimvuta punda. Akamsukuma. Akampigia magoti, kisha akafungua kitabu chake akamhubiria. Punda akapiga miayo. Mama mmoja mzee safu ya mbele akashindwa kuvumilia.

"Mvute masikio, mama!"

"Mwache," mwingine akamjibu kutoka nyuma. "Huyo ni punda wa Dundori, hasikii la mtu!"

Ukumbi ukalipuka. Mimi sikuwa nikitazama ukutani tena, kama wale wenye kampuni. Nilikuwa nikimtazama mwanangu. Bibi alipokata tamaa akaketi chini kula kiazi, punda akainuka, akajikung'uta, akaenda kanisani peke yake na kuketi kiti cha mbele, kofia ya bibi kichwani. Nikaona mikono ya mwanangu imefunguka. Alikuwa akicheka, machozi yanamtoka, akampiga kofi kwenye goti mtu asiyemjua aliyeketi upande wake wa pili.

"Huyo ni wa msichana wangu," akamwambia.

"Nani, punda ama bibi?"

"Wote! Hata kanisa ni lake."

Nimeona mambo mengi ya kumshukuru Mungu: mvua iliyokuja wakati tulipokuwa tumekata tamaa, mke aliyepona, watoto waliorudi. Sentensi hiyo ya mwanangu nimeiweka pamoja nayo. Kujivuna ni dhambi, nimefundisha hivyo, lakini nilipokuwa nimeketi pale nilijisikia mrefu, na sikujaribu kujifupisha.

Walimwajiri siku hiyohiyo. Walitaka visa vingine vya bibi na punda, na wakasema anaweza kuvitengenezea nyumbani.

Jumatatu wachimbaji walikuwa shambani na magunia yalikuwa yameanza kujaa. Nilisikia gari la mwanangu likirudi nyuma mpaka mlango wa ghala, nikatoka kumsaidia kushusha magunia. Hakuwa na magunia. Alishusha mfuko wa simiti, mchanga na ndoo, akaingia, akaitikisa meza ya binti yake.

"Hii inayumba," alisema. "Mtu atafanyaje kazi ya watu na meza inayumba?"

Akaanza kuchimba mashimo sakafuni, ili miguu ya meza ikae ndani ya simiti. Binti yake alimshikia tochi. Mke wangu alikuja kuona kelele ni za nini, akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Na viazi vitalala wapi?"

"Sebuleni, mama."

"Na wageni wangu?"

"Watakalia magunia."

Mke wangu, ambaye hakuwahi kuruhusu hata vumbi likae kwenye vitambaa vyake, alimwangalia mwanawe, akaniangalia mimi, halafu akaingia. Akaishika meza kwa mikono miwili na kuitikisa kwa nguvu zake zote.

"Mguu huu bado," akasema. "Ongeza simiti."