Likalie Daftari Lako

Kuna siku moja ambayo nimejaribu kuisahau nikashindwa, mwanangu, na kwa vile miguu yangu imekataa safari na nimekaa tu hapa na cherehani, afadhali nikusimulie huku nikikupima yunifomu. Ilikuwa likizo ya Agosti, nikiwa Kidato cha Nne. Siku hiyo nilihesabu mbuzi hamsini na tatu, hesabu ikatoka sawasawa, na bado nikawa nimepoteza mbuzi.

Usicheke kwanza. Ngoja.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Niko Kitengela hii tangu pundamilia wakipita pale ambapo leo kuna duka la simu, na kama si mazishi, au harusi ya mtu nisiyeweza kumkwepa, sitoki. Namanga nimefika mara moja, na nilirudi siku hiyo hiyo. Kazi yangu ni kushona yunifomu za shule. Walimu wanawaona wanafunzi wakiwa wamekaa kimya kwenye madawati. Mimi nawaona wakiwa wamesimama juu ya kigoda na pini kiunoni, na mtu mwenye pini kiunoni huwa anasema ukweli.

Juzi alikuja Sein, binti wa jirani, naye yuko Kidato cha Nne, nimshushie pindo la sketi. Macho yalikuwa mekundu. Nikamuuliza kuna nini. Yeye huniita shosho, yaani bibi.

"Shosho, jana nimesoma masaa sita. Sita! Na leo mwalimu ameniuliza swali moja tu, nikabaki nimesimama kama mlingoti wa bendera."

"Ulisoma nini masaa yote hayo?"

"Notsi zote za Baiolojia. Hata nimezipiga rangi. Njano ni maana, pinki ni mifano, kijani ni..."

"Ehe, kijani?"

Akatazama dari. "Kijani nimesahau ni ya nini."

Nilitoa pini mdomoni nisije nikaimeza. Sikumcheka, ingawa Mungu anajua nilitaka. Nilichoka ghafla, ule uchovu wa kumwona mtu anatumbukia kwenye shimo ulilolichimba wewe mwenyewe miaka mingi iliyopita. Kwa sababu mimi, mwanangu, ndiye fundi wa kwanza wa upumbavu huo. Ila sisi hatukuwa na kalamu za rangi. Tungekuwa nazo, ningepaka mpaka jalada.

Nyumbani kwetu kulikuwa ng'ambo ya Isinya, upande wa kwenda Kajiado. Nilisoma shule ya bweni na nilitaka unesi. Niliutaka mpaka nikajishonea kofia nyeupe ya nesi kwa kipande cha shuka na kuificha chini ya sanduku. Chuo kilitaka C. Kwa mtihani wa majaribio nilipata D.

Hiyo D haikuwa yangu peke yangu. Baba alikuwa ameshaanza mazungumzo na watu fulani wa upande wa Namanga, mazungumzo ya posa, yale ambayo msichana haitwi kuyasikia ingawa ni yeye anayezungumzwa. Aliyeyasimamisha ni babu. Alimwambia baba, "Mwache amalize. Akipata anachotafuta, aende. Akikosa, tutaongea." Sasa niliporudi nyumbani Agosti na D yangu, nilijua kabisa kwamba watu wataanza kuongea.

Na usidhani nilikuwa mvivu! Daftari la Baiolojia nilikuwa nimelinakili mara tatu, kwa mwandiko mzuri kuliko wa mwalimu. Kila jioni niliandika nyuma ya jalada: leo kurasa arobaini, leo kurasa thelathini na tano. Nilizijumlisha. Nikiona jumla imekuwa kubwa nalala nikiwa mtu mwenye furaha. Ukiniuliza ndani ya hizo kurasa mlikuwa na nini, ningekuambia mlikuwa na mwandiko mzuri.

Likizo hiyo nilipewa mbuzi nichunge, na nikaenda nao nikiwa na daftari. Sasa, kwetu mifugo haihesabiwi. Babu alisema kuhesabu ni kuita balaa, na hata aliyejua idadi hakuitaja. Lakini mimi nilikuwa msomi. Nilitafuta vijiwe hamsini na vitatu, nikavitia kwenye mfuko wa sweta ya shule. Mbuzi wakianza kurudi, kila mmoja akipita nilihamisha kijiwe kutoka mfuko huu kwenda ule. Kwa njia hiyo sikuhitaji kuwatazama sana mbuzi. Niliweza kusoma huku nikihamisha. Niliona nimevumbua jambo ambalo wazee wote wa Kajiado hawakuwahi kulifikiria.

Siku hiyo kundi letu lilikutana na la jirani kwenye korongo la maji. Makundi yakachanganyika, yakaachana, na mimi nilikuwa ukurasa wa ishirini na mbili. Jioni nikahamisha vijiwe. Vikaisha vyote. Nikafunga daftari, nikarudi nyumbani nikitembea kama mkaguzi wa shule.

Babu alikuwa amesimama mlangoni mwa boma kama kila jioni, akiegemea fimbo. Nikainamisha kichwa akanigusa utosini.

"Wamefika wote?"

"Wote, babu."

Mbuzi wakawa wanaingia. Hakusogeza midomo wala kidole. Alitazama tu, vile wewe unavyotazama watu wa kwenu wakiingia nyumbani. Wa mwisho alipopita akaniambia polepole, "Nakerai," yaani mwanangu, "yule mweusi mwenye shingo nyeupe yuko wapi?"

"Si yuko humo ndani?"

"Na huyu mwekundu mwenye sikio lililokatwa pengo, alama ya jirani, amekuja kututembelea?"

Nikashika mfuko. "Lakini babu, ni hamsini na tatu!"

Basi neno likawa limetoka. Nilikuwa nimetaja idadi, tena kwa sauti, tena mlangoni. Babu alinitazama, akatazama mfuko wangu wa sweta uliovimba kama shavu la mtu mwenye jino bovu. Akauliza, "Hamsini na tatu ya nani?"

Mpaka leo, mwanangu, ni swali gumu kuliko lolote nililowahi kuulizwa kwenye mtihani.

Wakati huo vitoto vya mbuzi vikafunguliwa kwenda kunyonya. Kila kimoja kilikimbilia mama yake, na kimoja kikabaki. Kilizunguka boma lote, kikimnusa huyu na kufukuzwa na yule, kikilia. Baba na babu walitoka kumtafuta mama yake. Wakarudi bure. Asubuhi walipata pembe moja na manyoya kidogo. Fisi alikuwa amehesabu vizuri kuliko mimi.

Nilingoja kuchapwa. Nilitamani nichapwe, iishe. Babu hakunichapa. Jioni iliyofuata, mbuzi wakikaribia, aliniweka nikae mgongo ukiwa umeelekea mlango. Akasema, "Usitazame. Niambie wa kwetu ni akina nani."

Nikaanza. Yule mweupe mwenye miguu ya kahawia. Yule aliyevunjika pembe. Kitu kama kumi na tano hivi, nikakwama. Nikageuza shingo. Fimbo ikanigusa bega, polepole, ikanirudisha mbele.

"Kutazama ni rahisi," akasema. "Hata fisi anatazama."

Tukakaa. Niliumia kichwa kama mtu aliyebeba maji. Wengine wawili watatu wakanijia, kisha hakuna. Ndipo akaniruhusu nigeuke, na wale niliowasahau, mwanangu, niliwaona kama sijawahi kuwaona. Kila mmoja alikuwa na uso. Babu akasema, "Kesho tunaanza na hao."

Tuliendelea hivyo kila jioni, na siku ya sita au ya saba nikawa siwezi kudanganywa na mbuzi yeyote. Nilifurahi, nikamwambia babu sasa nawajua wote kwa mpangilio wanaoingia. Akacheka mpaka akakohoa. "Mbuzi hawaji kwa mstari," akasema. Kesho yake akawageuza, akaingiza wa mwisho kwanza. Nikakosea nusu yao nzima.

Siku moja nikiwa nimeketi na daftari langu, nikinakili mara ya nne, alikuja akasimama karibu. Babu hakuwahi kuingia darasani. Akauliza, "Hicho unachoandika kimetoka wapi?"

"Kwa daftari hili hapa, babu."

"Na kinakwenda wapi?"

"Kwa daftari hili lingine."

Akatazama daftari la kwanza, akatazama la pili. "Na wewe uko wapi hapo katikati?"

Kabla sijajibu alichukua madaftari yote mawili, akayaweka juu ya kigoda chake, akayakalia. Kabisa, na shuka lake na uzito wake wote. Akasema, "Haya. Niambie kilichomo."

Nililia, mwanangu. Sikulia kwa ajili ya madaftari. Nilijua kwamba mtihani uko karibu, kofia yangu iko chini ya sanduku, wale watu wa Namanga wako njiani, na mimi sina cha kumwambia. Nilianza na moyo. Nikasema una vyumba vinne. Akauliza, "Vya nini?" Nikasema damu inaingia hapa inatokea pale. Akauliza, "Mbona isirudi ilikotoka?" Sikujua. Nilikuwa nimeandika jibu hilo mara tatu kwa mwandiko mzuri, na sikulijua. Aliinuka kidogo, nikachomoa daftari, nikatafuta. Vali. Kuna vali, kama mlango wa boma unaofunguka upande mmoja. Akakaa tena. "Endelea."

Kila siku ya likizo iliyobaki tulifanya hivyo. Na kile kitoto cha mbuzi nilikinyonyesha kwa chupa mwenyewe asubuhi na jioni, ndiyo ilikuwa adhabu yangu, na kilikuwa kikinifuata kikilia huku mimi nikimweleza babu habari za figo. Wawili hao ndio waliokuwa mwalimu wangu na darasa langu.

Sasa utataka nikuambie nilipata A. Pole. Nilipata C minasi. Kutoka D mpaka C minasi ndani ya miezi mitatu ni mlima, lakini chuo kilitaka C, na minasi hiyo nimeishi nayo mpaka leo kama mkwe asiyeondoka. Ningeanza kumkalisha babu juu ya daftari nikiwa Kidato cha Kwanza, labda leo ningekudunga sindano ya dawa badala ya kukudunga pini. Baba alisema haya basi, amekosa, tuongee. Babu akauliza hiyo ni herufi gani. Nikamwambia C. Akasema, "Si ndiyo mliyotaka?" Nilinyamaza kuhusu minasi, na baba, Mungu amrehemu, naye akanyamaza. Nikapelekwa Kajiado mjini kujifunza ushonaji. Mume nilimchagua mwenyewe baadaye, na hilo kosa ni langu, si la baba.

Ndiyo maana juzi nilimwambia Sein ashuke kwenye kigoda. Nikachukua daftari lake la rangi tatu, nikaliweka pale, nikalikalia.

"Shosho! Daftari yangu!"

"Nina kilo nyingi na sina haraka. Anza na usagaji wa chakula."

Alinitajia mambo manne, akakwama kwenye la tano. Akanyoosha mkono. Nikamwambia akae na kukwama kwake kwanza. Alikunja uso, akakuna kichwa, akasema, "Nyongo?" Nikajiinua kidogo tukatazama. Ilikuwa nyongo. Ungeona vile alivyotabasamu, ungedhani ameokota simu.

Kwa hivyo sikia, mwanangu, kabla sijachoka kabisa. Usiniambie umesoma masaa mangapi wala kurasa ngapi. Hivyo ni vijiwe vya mfukoni. Soma kidogo, kisha likalie daftari, useme kilichomo kwa maneno yako, kwa sauti, hata kama anayekusikiliza ni mdogo wako au ni ukuta. Ukikwama usikimbilie kufungua. Acha kichwa kiume kidogo, hapo ndipo kinapofanya kazi. Ulichokosa ndicho cha kuanza nacho kesho, badala ya kukipita kwa aibu na kurudia kile unachokijua kwa sababu kinakufurahisha. Rudi kila siku kidogo, vile babu alivyosimama mlangoni kila jioni. Hakuna mchungaji anayewatazama mbuzi mara moja kwa muhula. Changanya maswali, maana mtihani nao hauji kwa mstari. Na ulale, tafadhali, usiniletee macho mekundu hapa. Uanze sasa, Kidato cha Kwanza au hiyo gredi yenu ya siku hizi ambayo mimi siielewi, si Agosti ya mwisho kama bibi fulani ninayemfahamu.

Inamisha kichwa nikuguse, kwa sababu kuinuka kwangu ni kazi. Mungu akupe macho ya kuona, si ya kutazama tu. Akuongezee pale ulipokwama. Na siku ile utakapokaa mbele ya karatasi, bila daftari na bila mtu wa kumgeukia, majibu yako yarudi moja moja, kila moja kwa uso wake, na pasiwe na kitoto hata kimoja kinachobaki kikilia mlangoni.

Haya, itikia vile sisi tuliitikia wazee wetu wakitubariki. Sema: Naai.