Pigo la Nne

Chini, kushoto, kulia, juu. Nilikuwa naupiga huo mkono wa kuongozea kwaya kila mahali, hata nikimenya ndizi, mpaka Tata, baba yangu, akaniuliza kama nafukuza nzi. Cheka tu, nikasema moyoni. Si yeye aliyenifunga kwa sharti? Mkaguzi wa misheni, Mzungu, akiridhika na kwaya yangu, nitakwenda kusomea ualimu. Asiporidhika, Jumamosi rubisi ya wachumba itapokelewa, na pombe ikishanywewa binti keshatolewa. Mwanamume mwenyewe nilimwona siku moja tu sokoni. Sikumtaka, sikumtaka hata kidogo.

Akina mama wa kwaya yetu ya Buganguzi walikuwa na sauti za kukutoa machozi, lakini nne kwa nne iliwashinda. Ngoma zetu haziendi hivyo. Wakifika pigo la tatu wanataka kurudi mwanzo, nami, msichana mdogo, nawakemea watu wazima: "Bado moja! Jamani, bado moja!" Walipokasirika, mama yangu, aliyesimama safu ya mbele, ndiye aliyewatuliza. Hakuna aliyetaka niende shule kuliko yeye.

Siku yenyewe mkaguzi alichelewa kutoka Muleba, tukaambiwa tuanze tu. Ubeti wa kwanza, haki ya Mungu, ulikwenda sawasawa, nikaona kabisa nimeshapona. Ubeti wa pili mlango ukafunguliwa, akaingia mkaguzi, pamoja na mchungaji na wazee wa kanisa.

Kwetu mwanamke hamwamkii mkubwa akiwa amesimama. Mama akapiga magoti. Safu nzima ikamfuata, wimbo ukakatika katikati ya neno, wakaanza kuamkia kwa Kihaya. Nikabaki nimesimama peke yangu, mkono juu, kwenye pigo la nne.

"Simameni!" nikanong'ona. "Mawe, mama yangu, mnaniua! Simameni!"

Hakuna aliyeinua macho. Mkaguzi akatazama saa, akamwambia mchungaji maneno machache, mchungaji akanitafsiria: kwaya haishiki mapigo, labda mwakani. Mwakani! Mwakani nitakuwa na mtoto mgongoni.

Njiani Mama alilia kuliko mimi. "Mwanangu," akasema, "magoti hayakuniuliza."

Nilikuwa na hasira ya kumeza mtu.

Jumamosi rubisi ikaletwa. Nikaitwa ndani kuamkia wageni, nikapiga magoti mbele ya yule mtu, Mama naye ubavuni mwangu, tukaamkia pamoja.