Jicho Lililobaki Wazi

Juzi, kwenye foleni ya kliniki mjini Garissa, mwanamke aliyepinda uso aliniambia kuwa ni mshipa umevimba tu, na kwamba daktari amempa vidonge na matone ya jicho. Kisha akasinzia, jicho moja wazi. Binti yake mdogo akajivuta mbali nalo.

Nikarudi kimawazo alasiri ile ya miaka ya vita vya shifta, kijiji chetu kikiwa ndani ya ua wa miiba. Uso wa mama ulikuwa umepinda vivyo hivyo. Baba alikuwa langoni tangu asubuhi, akiwaomba askari ruhusa ya kumpeleka hospitali. Mjomba alikuwa ameshatia chuma motoni, amchome nyuma ya sikio kama tiba.

"Moto sitaki," mama alisema. "Nileteeni kombe."

Nikatumwa mimi. Maalim aliosha aya za Kurani ubaoni, nikapewa kombe lenyewe, bakuli la maji meusi ya kunywa yenye harufu ya mkaa na gundi. Njiani askari alifoka, nikashtuka, nusu ikanywewa na mchanga. Nikajazia maji ya mtungini.

"Ndiyo yote haya?" mama aliuliza.

"Ndiyo, hooyo," nilimjibu mama kwa Kisomali chetu.

Alikunywa, akalala. Jicho moja lilifumba. Jingine likanitazama hadi magharibi. Baadaye uso ulipona, ila pembe ya mdomo. Kwa miaka mingi nilijua sababu ni ile nusu iliyomwagika.

"Njoo ukae hapa kwangu," nilimwambia yule mtoto wa kliniki. "Amelala, hakuoni."

Tukabadilishana nafasi. Nilipokaa mbele ya lile jicho, nilijisikia nikinong'ona, "Hooyo, nusu niliimwaga."