Mama wa Kwenye Riwaya

Katikati ya miaka ya tisini, tulipokuwa tukiishi Kakamega mjini, mtoto wetu wa kwanza alifariki akiwa bado ananyonya. Majirani walikuja kutupa pole, wakasema Mungu atatupa mwingine. Niliitikia tu. Machozi hayakutoka.

Wifi yangu, aliyekuwa mwalimu kule Malava, aliniletea riwaya.

"Soma, wifi," alisema. "Mimi sina la kukuambia."

Ndani yake kulikuwa na mama aliyefiwa na mtoto, akawafukuza waombolezaji kwa mwiko. Nilicheka, kisha nikalia hadi leso ikalowa. Sikuwa nimejua kwamba mfiwa anaweza kukasirika hivyo.

Jioni nilimsomea mume wangu ukurasa ule tukiwa mezani. Aliacha kula.

"Hata mimi niliwakasirikia," alisema polepole. "Lakini nilikuona umenyamaza, nikadhani umeshasahau."

"Nami nilidhani wewe ndiye umesahau."

Tangu siku ya mazishi hatukuwa tumelitaja jina la mtoto wetu. Jioni ile tulilitaja, tukakumbuka alivyokuwa akipiga chafya kila tukimwogesha, tukazungumza mpaka ugali ukapoa.