Ugonjwa wa Kabla ya Bima

Bima ya kazini ilinilipia jeli ya testosteroni, homoni ya kiume, kwa miezi michache, kisha ikaacha. Binti wa huduma kwa wateja aliniambia kwenye simu, kwa sauti tamu kabisa, kwamba hali yangu ilikuwepo kabla sijajiunga, na hali za kabla hawazilipii. Nilicheka kwa hasira. Ilikuwepo, ndiyo. Nilizaliwa nayo Nakuru, nikaja nayo Birmingham pamoja na sweta mbili. Walitaka niipate lini, siku ya kutia saini mkataba wa kazi?

Nikamuuliza wamejuaje. Akasema iko kwenye faili la daktari wangu wa mtaani, Sparkhill: nikiwa na miaka kumi na saba nilipelekwa na mlezi wangu kutafuta matibabu.

Mlezi huyo ni shangazi yangu, dada ya baba, ambaye bado naishi kwake nyuma ya Stratford Road. Ni nesi, na anaamini kila jambo lina kipimo chake cha damu. Alipogundua kwamba nabana kifua kwa bendeji, na magauni aliyoninunulia yanalala kabatini, hakunichapa wala hakunihubiria. Alinipeleka nikapimwe homoni. Yeye alieleza, mimi nikatazama viatu vyangu. Majibu yalirudi sawa, akamshukuru Mungu, tukaenda nyumbani. Kumbe daktari aliandika.

Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake, na shangazi zake humwita mama, kwa sababu amewarudishia mama yao. Shangazi aliniita hivyo tangu nikiwa kwenye nepi. Hata akinigombeza: "Mama, hivi vyombo vitajiosha?" Ndevu zilipoanza kuota, akaacha. Hakunipa jina lingine. Nikawa "wewe" tu: wewe njoo ule, wewe funga mlango. Liliniuma hilo kuliko barua zote za bima.

Jioni moja baada ya simu ile nilimkuta shangazi jikoni nikamwambia ukweli. Jeli ilikuwa inaelekea kwisha. Ikiisha, hedhi ingerudi, na mimi ningerudi kuishi ndani ya mwili ambao ilinichukua miaka kuutoka. Daktari wa Sparkhill nilishamwendea, akakataa kuniandikia. Alisema matibabu yameanzishwa na kliniki ya binafsi iliyolipwa na bima, kwa hiyo nimalizane nao huko.

"Wamekudecline juu ya ile siku nilikupeleka?" shangazi akauliza.

"Ndiyo, Anti. Wanasema nilitafuta matibabu."

"Na hata hukufungua mdomo siku hiyo!"

Akasugua sufuria iliyokuwa safi tayari. Kisha akasema, "Book appointment. Tutaenda wote."

Nilihofia. Sikujua anakwenda kunitetea au kumwomba daktari aikomeshe dawa yenyewe, nami sikuthubutu kuuliza. Siku ilipofika alivaa suti yake ya kanisani, akatangulia mbele, mimi nyuma kama mtoto anayepelekwa chanjo.

Daktari alikuwa yule yule aliyenipima nikiwa na miaka kumi na saba, ila sasa ana mvi. Shangazi hakungoja kuulizwa. Alizungumza Kiingereza chake cha wodini, kile cha kukabidhi wagonjwa kwa nesi wa zamu inayofuata.

"Daktari, uliandika kwamba huyu alikuja kutafuta matibabu. Hakutafuta. Siku ile hakuwa na shida yoyote. Mwenye shida nilikuwa mimi. Mimi ndiye niliyekuja kutafuta dawa." Akashusha pumzi. "Naomba faili liseme hivyo."

Machozi yalinitoka palepale, sikujali.

Daktari aliandika. Akasema ataieleza bima, na wakijibu wasijibu, jeli ataniandikia yeye mwenyewe, maana kuikatisha hakunisaidii. Kwa nini hakuweza kusema hivyo nilipokwenda kumwomba mwenyewe, sijui. Labda mgonjwa aliye peke yake ni rahisi kumkatalia kuliko mgonjwa aliyekuja na shangazi yake. Bima nao baadaye walikataa tena, safari hii kwa maneno laini zaidi.

Kutoka hapo tulikwenda moja kwa moja kwenye duka la dawa, tukakuta foleni. Mfamasia akaita jina langu, ambalo ni lile lile la nyanya, mama ya baba. Marafiki walinishauri nilibadilishe, nikashindwa. Shangazi akanitangulia kaunta, akasoma lebo yote kwa miwani yake ya kazini, akanigeukia.

"Shika dawa yako, mama. Na usiruke dozi."

Mzee mmoja wa Kikongo kwenye foleni akaangaza huku na huku kumtafuta huyo mama. Nikajikuna ndevu, nikaipokea kwa mikono miwili.