Kistari Juu ya Do

Enzi zetu, mtoto wa kijiji chetu cha Nangara aliweza kusoma noti kabla hajaweza kuandika barua. Zilikuwa noti za herufi: d ikiwa do, r ikiwa re, hadi mwisho, na do ya juu ilitofautishwa na do ya chini kwa kistari kimoja chembamba kama mguu wa mbu, kilichowekwa juu ya herufi. Kistari kikiwepo, sauti inapanda. Kisipokuwepo, inashuka hadi chini kabisa. Namwomba msomaji akikumbuke kistari hicho, maana kwa wiki tatu mfululizo kimenikosesha raha hata ya kula.

Tulikuwa watoto wa vumbi na mbaazi. Tukitoka shule tulikatiza mashambani tukichuma mbaazi mbichi, tukikwepa njia ya ziwani kwa hofu ya viboko ambao wengi wetu hatukuwahi kuwaona, ingawa kila mmoja aliapa kuwa amewasikia wakikoroma. Wasichana tulicheza rede kwa mpira wa soksi hadi soksi ikatoa matambara. Mama aliita mara moja tu. "Paskalina! Nikirudia, nakuja na mwiko!" Hakuwahi kulazimika kurudia. Na mtu mzima aliamkiwa shikamoo hata akiwa ng'ambo ya barabara. Siku hizi kijana wa sauti ya nne katika kwaya yangu hunipungia mkono na kuniambia, "Mambo, Madam," utadhani tumekutana kwenye foleni ya chipsi.

Darasani kwetu alikuwepo Tluway, mtoto mwembamba aliyetokea Sigino kwa miguu kila asubuhi. Alitamka Kiswahili kwa koo la kwao, nasi tulimwiga na kumcheka bila huruma. Lakini kichwani mwake zilikaa sauti nne kwa wakati mmoja. Tukiwa darasa la sita alitunga wimbo kuhusu mvua inayoshuka kutoka mlima Kwaraa, akauandika kwa noti kwenye daftari la hesabu. Mwalimu Bura, aliyetufundisha kwaya, aliusoma akiwa amesimama, akavua miwani, akasema, "Huyu mtoto amenipita." Akaamua tuuimbe kwenye mashindano ya shule.

Kwa kuwa nilikuwa na mwandiko mzuri, nilikabidhiwa daftari ninakili wimbo ule kwenye karatasi kubwa ya manila. Tluway mwenyewe alikuwa amebakizwa nyumbani kwa wiki mbili za mavuno. Nilinakili jikoni, makande yakichemka, inzi wakitua kila mahali, na wenzangu wakiniita nje: "Paska, timu haijatimia!" Katika mstari wa mwisho niliona kidoa juu ya herufi d. Nikadhani ni uchafu wa inzi. Sikukinakili, nikakimbilia rede.

Mwalimu alitufundisha kutoka kwenye manila, nasi tukauimba kama nilivyoandika. Tluway alirejea asubuhi ya mashindano, na Mwalimu, kwa kumheshimu, akamwachia aongoze kwaya. Mambo yalikwenda vizuri hadi mstari wa mwisho. Tluway aliinua mkono juu, akasimama kwa ncha za vidole, na kwaya nzima ikashuka. Mkono uko angani, sauti ziko chini. Ukumbi uliangua kicheko.

Mwalimu Bura alitukusanya nyuma ya ukumbi. "Tluway, do ile uliandika ya juu au ya chini?"

"Ya juu, Mwalimu."

"Una hakika? Paskalina, daftari liko wapi?"

Lilikuwa ndani ya mfuko wangu. Nilikuwa nimetoka kulichungulia, nikakwaruza kile kidoa kwa ukucha, nacho hakikutoka. Kilikuwa wino.

"Nimelisahau nyumbani, Mwalimu."

Tluway alitazama miguu yake. "Basi labda nilisahau kistari, Mwalimu."

Baadaye nilisema daftari limepotea. Halikupotea. Limeishi ndani ya tranka langu tangu siku ile.

Tluway aliendelea na masomo, akavuka mipaka, na leo anatunga muziki wa ala kwa makundi makubwa ya wapigaji na kuyaongoza mwenyewe katika kumbi ambazo sisi huziona kwenye simu tu. Wiki tatu zilizopita aliandika kwamba anakuja Babati, na kwamba angependa kwaya ninayoiongoza hapa Maisaka imwimbie wimbo wake wa kwanza. Nikaitoa ile manila, iliyokwisha kugeuka rangi ya chai, nikaibandika ukutani na kufundisha do ya chini. Ningesahihisha, wangeniuliza nimejuaje. Mimi huyu, ambaye humsimamisha mwanakwaya kwa kusingizia ugonjwa siku ya mazoezi.

Jumamosi alasiri alifika, kichwa kimejaa mvi. Aliwaamkia wazee mmoja mmoja, kisha akasimama mbele ya kwaya. Nilikaa kiti cha nyuma, daftari likiwa kwenye mkoba. Mstari wa mwisho ulipofika aliinua mkono. Sauti zikashuka.

Vijana wakatazamana. Yeye akatabasamu. "Msiwe na wasiwasi, kosa ni langu. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, nikasahau kistari. Tangu hapo kila ukurasa ninaoandika naukagua mara tatu. Mke wangu ameshachoka. Basi nanyi mjifunze kukagua."

Wakacheka, na mmoja akaanza kuandika maneno hayo kwenye simu. Hapo ndipo niliposimama.

"Si kosa lako, Tluway. Hukusahau."

Nilimpelekea daftari. Alilisogeza dirishani, akaupitisha ukucha juu ya kile kidoa, palepale nilipokwaruza mimi.

"Miaka yote hii, Paskalina?"

"Miaka yote hii."

"Kwa hiyo mimi nimekuwa nikikagua kosa lako."

Sikujua kama anatania, na hata sasa sijui. Alinipa kalamu, akaielekea manila. "Kiweke mwenyewe."

Niliikandamiza kalamu, kistari kikatoka kirefu kupita kiasi. Anjela wa sauti ya kwanza hakuweza kujizuia. "Madam, hicho si kistari, hiyo ni nguzo ya umeme!" Wakacheka, naye Tluway akacheka. Kisha akainua mkono, na sauti ya kwanza ikapanda, ikakwaruza kidogo kileleni, ikasimama huko juu.

Vijana wa leo hufuta kosa kwa kidole kabla hata halijakauka, wala hawajui jinsi karatasi inavyoweza kumkalia mtu kifuani nusu ya maisha yake. Siwaonei wivu, ingawa siku nyingine nawaonea. Jumamosi ile simu ishirini ziliurekodi wimbo kama ulivyoandikwa, na kufikia jioni ulikuwa umesambaa mji mzima. Enzi zetu wimbo huo ulihitaji kusikiwa hivyo na sikio moja tu, la Mwalimu Bura, naye tulimzika akiamini kwamba Tluway alisahau.