Shule ya Mwalimu Eustace, Kila Mtoto na Mzigo Wake

Mwalimu Eustace hakusema uongo hata siku moja, na ndiyo maana nilichukua miaka miwili kumjua. Yeye alianza neno, watu wakalimalizia wenyewe. "Nilipokuwa Kipalapala," alisema, kisha akanyamaza na kutazama mbali, na sisi watu wa Mtendeni tukaona mbele yetu mseminari aliyebakiza kidogo tu awe padri. Kipalapala alikuwako kweli. Alikuwa akipiga pasi kanzu za mapadri. Sidharau pasi, baba yangu alikuwa dobi, na makaa ya pasi yake ndiyo yaliyonisomesha mpaka darasa la nne. Ninachodharau ni ule ukimya baada ya "Kipalapala".

Alikuwa mrefu, mwembamba, na helmeti ya jua aliyoipaka chokaa kila Jumamosi, na filimbi shingoni kama askari. Babu yake, alituambia, alikuwa kirangozi, yule mtu wa mbele katika msafara, anayeshika bendera na kuwaonyesha wapagazi njia ya kutoka pwani mpaka Ujiji. Hilo naliamini, maana nusu ya Tabora ina babu aliyebeba kitu. Ila wajukuu wengine waliiacha mizigo ya babu zao pale ilipotuliwa. Eustace aliifungulia shule.

Shule yenyewe ilikuwa ghala ya Bwana Ghalibu, mfanyabiashara, ambamo zamani ziliwekwa nta na asali kutoka Sikonge. Watoto walikaa juu ya masanduku ya nta. Kiangazi nyuki waliingia kutafuta asali isiyokuwapo, na nadhani walitoka na elimu sawa na ya wanafunzi.

Alipokuja kwetu kumwomba mtoto wetu, mwaka wa hamsini na mbili, Flavia alikuwa na miaka saba. Mwalimu alikaa kwenye kiti cha mume wangu, akaweka helmeti gotini.

"Baba Flavia," alimwambia mume wangu Kasimiri, "huko kwenye shule kubwa mtoto ni kama karanga ndani ya gunia. Kwangu watakuwa ishirini na wawili tu. Kila mmoja namjua jina lake, namjua babu yake, najua na mzigo wake. Mtoto wako hatapotea."

"Na kusoma?" nikauliza.

Akanigeukia kwa upole, kama mtu aliyesikia kuku akiongea. "Mama Flavia, mtoto akishapata nidhamu, kusoma kunamfuata nyuma kama mbuzi."

Kasimiri alicheka, na mtu akishacheka amekwisha nunuliwa. Mume wangu alikuwa akifanya kazi stesheni, na kule wenzake walikuwa na watoto wa shule na yeye hana. Ndiyo faida ya kwanza ambayo shule ile ilizipa familia zetu: iliwapa wanaume la kusema.

Ya pili ilikuwa gauni la buluu, na soksi. Ya tatu, gwaride. Kila asubuhi saa moja na nusu filimbi ililia, na watoto ishirini na wawili wakapita Mtendeni mstari mmoja, Mwalimu mbele na bendera ndogo, mikono inapanda na kushuka. Mwanamke aliyekuwa akikaanga vitumbua alisimama kutazama mpaka vikaungua. Mtoto akikusalimu "mwangaluka" kwa Kinyamwezi alitozwa faini ya kuokota taka. Salamu ya shule ilikuwa "gudi moning", hata ikiwa saa kumi jioni. Mama yangu aliyekuja kututembelea kutoka kijijini alisalimiwa hivyo na mjukuu wake, akaniuliza kama mtoto ana homa.

Sitamsingizia. Hakupiga watoto. Alijua kweli majina yao, na mtoto akianguka kwenye gwaride alimpangusa magoti kwa leso yake mwenyewe. Kwa hayo mawili nilimheshimu, na kwa ajili ya hayo mawili nilifumba macho muda mrefu kuliko ilivyonipasa.

Sasa niseme lililokuwa moyoni mwangu muda huo wote. Masista walikuwa wakipokea wasichana kuingia darasa la tatu, mara moja kwa mwaka. Mtoto asizidi miaka kumi, na kila mmoja husimama peke yake mbele ya Sista akasoma ukurasa atakaofunguliwa. Akishindwa, basi. Na mume wangu alikuwa amekwisha kusema: Flavia asipoingia kwa masista, ataenda Sikonge kwa mama mkwe, akamsaidie kuchuma na kufunga tumbaku. Mama mkwe si mbaya. Lakini niliwaona binti waliofunga tumbaku toka utotoni. Kucha zao huwa nyeusi mpaka siku ya harusi, na baada ya harusi hufunga tumbaku ya mume. Kwa hiyo nilihesabu miezi. Flavia angefikisha kumi mwaka uleule wa mtihani. Nafasi ilikuwa moja.

Ikafika siku ya wageni, wiki sita kabla ya mtihani. Wazazi tulikaa mbele, Bwana Ghalibu kwenye kiti chenye mto. Karibu yangu alikaa Bimdogo, bibi wa Kiarabu wa nyumba ya pili, ambaye mjukuu wake Hamoud alisoma hapo. Mwalimu akapiga filimbi. Watoto wakasimama, kila mmoja na kitabu, wakafungua ukurasa wa hadithi ya mtu na punda wake.

Walisoma kwa zamu, mstari mmoja mmoja, sauti zinapokezana kama ndoo kisimani. Wa kwanza: "Palikuwa na mtu na punda wake." Wa pili akadaka, wa tatu akadaka. Wakafika kwa Flavia, wa saba. Mwanangu akainua kidevu akasoma, "Punda akatazama maji, akakataa kuvuka." Kasimiri alinifinya mkono mpaka ukauma.

Halafu kimya.

Wa nane alikuwa Swaumu, mtoto wa fundi cherehani, na Swaumu alikuwa kwao anaumwa surua. Mwalimu akatazama pengo lile kama mtu aliyekuta daraja limechukuliwa na maji. Mtoto wa tisa alikuwa ameshika kitabu wazi. Flavia alikuwa ameshika kitabu wazi. Kutoka nilipokaa niliuona mstari wa nane chini ya kidole gumba chake. Hakuna aliyeusoma. Nyuki mmoja alipita.

"Endelea," Mwalimu akamwambia wa tisa.

"Si zamu yangu, Mwalimu. Bado wa nane."

Mwalimu akacheka, akausoma mstari wa nane mwenyewe, kwa sauti nzuri sana, na msafara ukaendelea mpaka wa ishirini na mbili. Watu wakapiga makofi. "Nidhamu hiyo," Kasimiri akasema, "umeona? Hakuna aliyeruka mstari."

Bimdogo aliinama sikioni kwangu. "Mwanangu, wewe umesoma kidogo. Kitabu wanacho, macho wanayo. Mbona wamekwama?"

"Sijui, Bibi," nikasema. Nilijua.

Nyumbani nilikiomba kitabu cha Flavia, nikaweka kidole penye mstari wa nane. "Nisomee hapa, mama."

Akanitazama kama nimemwambia avue nguo. "Huo mzigo wa Swaumu."

"Hayupo. Usome wewe."

"Mama, mtu habebi mzigo wa mwenzake. Mwalimu kasema."

Nikahamisha kidole mpaka kwenye mstari wake, nikamwonyesha neno "maji" peke yake, nikaziba mengine. Alinyamaza. Nikaondoa mkono, naye akasoma mstari wote mbio mbio, pamoja na kuinua kidevu. Niliziba tena, akanyamaza tena. Machozi yakaanza kumlengalenga, si kwa kushindwa, ila kwa kuona uso wangu. Nikamkumbatia. Miaka miwili, na mtoto alikuwa na mstari mmoja. Hata huo hakuwa akiusoma, alikuwa akiubeba.

Kesho yake nilimfuata Mwalimu ghalani watoto walipokwisha kuondoka. Nilimkuta anasoma gazeti, kalamu sikioni. Nataka mtu aelewe hapo: alisoma gazeti lote, mpaka bei za pamba, bila kusogeza midomo. Kama angekuwa hajui kusoma, ningalimsamehe nikaenda zangu. Kipofu akikupoteza njia, lawama ni yako.

"Mwalimu, Flavia hajui kusoma."

"Jana ulimsikia kwa masikio yako."

"Nilimsikia akisema mstari wa saba. Anao huo tu."

Akakunja gazeti taratibu. "Mama Flavia, babu yangu aliongoza watu mia tatu mpaka Ujiji. Hakuna aliyebeba mizigo miwili, na mzigo wote ulifika. Wageni jana hawakusikia hadithi nzima?"

"Sista hatamwita Flavia pamoja na wenzake ishirini na mmoja. Atamwita peke yake. Umebakiza wiki sita. Wafundishe herufi, hata hao wakubwa tu."

Alitazama mlangoni kwanza. Kisha akaniambia, bila ukali, kama mtu anayempa mwenzake siri ya kazi, "Wewe ni mtu mwenye akili, nitakuambia. Mpagazi akishaijua njia, kirangozi ana kazi gani?"

Nilisubiri acheke. Hakucheka. Akarudia gazeti lake.

Nimekutana na wezi wa kuku, na nimekutana na karani aliyeficha barua za watu. Huyu ndiye mtu wa kwanza niliyemwona akikaa juu ya kisima na kuwagawia watoto umande. Niliaga kwa adabu. Mama yangu alinifundisha kuaga kila mtu.

Kasimiri hakuniamini. "Unamwonea wivu Mwalimu wa watu, wewe wa darasa la nne," akasema. Sikubishana. Nilimwambia kwamba mdogo wake Flavia anasumbua na namhitaji dada mtu nyumbani wiki chache. Hilo wanaume hawaulizi.

Kila asubuhi, filimbi ikilia nje, nilimwaga unga kwenye ungo nikausawazisha kwa kiganja. Flavia aliandika "ma" kwa kidole, nikatikisa ungo, ikafutika, akaandika "ji". Siku ya nne aliandika "maji" mwenyewe, akaitazama, akasema polepole, "Kumbe iko hata nje ya mstari." Unga uleule tukausonga ugali mchana. Siku ya tano Bimdogo alibisha hodi, Hamoud nyuma yake.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Huyu bwana mkubwa kavaa viatu miaka miwili kwa ajili ya mstari wa kumi na mbili. 'Kijiti kikavunjika.' Namtuma dukani na karatasi, ananiletea chumvi badala ya sukari, ananiambia kijiti kimevunjika. Ungo wako una nafasi?"

Ulikuwa na nafasi.

Siku ya mtihani Flavia alivaa gauni la buluu, kwa sababu hakuwa na jingine. Mimi nilisimama kwenye ukumbi wa nje, mlango wazi, mtoto mdogo mgongoni. Sista alifungua kitabu katikati, ukurasa ambao hata mimi sikuujua. Flavia akainua kidevu, kama alivyozoeshwa, na nikaona midomo yake inatafuta punda. Punda hakuwapo. Akashusha kidevu. Akaweka kidole chini ya neno la kwanza, na kidole kile kikawa kinaandika kwanza hewani kidogo, kama kwenye unga.

Alisoma. Alisoma vibaya, kwa vipande, akarudi nyuma mara mbili, na katika mstari wa nne alikwama muda mrefu hata mwanangu mgongoni akaamka. Lakini alisoma mistari sita, na yote ilikuwa yake.

"Nani aliyekufundisha?" Sista akauliza.

"Mama. Kwenye unga."

Sista aliniita ndani. Akasema mtoto ana bidii lakini yuko nyuma sana. Hawezi kuingia la tatu. Kwa kuwa amesoma kwa kweli, watamchukua la pili, aanze huko, na umri watauvumilia. Nilishukuru. Njiani nilikuwa nikifikiri: mwaka mmoja mwanangu ameuacha juu ya sanduku la nta. Lakini Sikonge hakwenda. Kasimiri alipopata habari aliniomba ungo, akauangalia chini na juu kama anaununua sokoni. Mimi sikumdai neno.

Mwalimu Eustace naye alipata habari. Januari alikuwa amekwisha kubandika ubao mpya juu ya mlango wa ghala, herufi nyekundu. Wazazi walijaa. Ishirini na wawili wakawa thelathini na watano. Ikabidi atafute hadithi ndefu zaidi.

Tulipita hapo, Flavia na mimi, tukienda sokoni, watoto wapya wakiwa wamejipanga kwa gwaride. Mwalimu aliinua helmeti. "Mama Flavia. Binti yetu hajambo?"

"Binti yangu hajambo, Mwalimu."

Flavia alikuwa amesimama anautazama ubao. Akaanza kuusoma kwa sauti, kidole hewani, bila kutumwa na mtu. "Shu-le i-li-yo-m-to-a... mwanafunzi... wa masista. Wazazi karibuni. Hapa watoto wanasoma."

Mtoto mmoja wa mbele, asiyefika miaka sita, akageuka kuutazama ubao uliokuwa juu ya kichwa chake wiki nzima. "Ndivyo inavyosema?" akauliza.

"Ndivyo."

"Na wewe ulikuwa mstari wa ngapi?"

"Zamani, wa saba," Flavia akasema. "Unataka nikuonyeshe ilipo 'ma'? Iko mara mbili."

Wa pili akageuka, wa tatu akageuka. Mstari wote ukapinda kama nyoka kuelekea ubao, vichwa juu, na Flavia anawaonyesha. Mwalimu akapuliza filimbi, akapuliza tena, akaanza kutembea mbele na bendera yake. Alifika mpaka kona ya duka la Bwana Ghalibu kabla hajatazama nyuma.